Sentensi Niliyoiandika Kichwani mwa Jirani

Nilikuwa na miaka kumi tuliporudi kwetu Rumonge kutoka Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi nilikozaliwa. Baba alikuwa amenisimulia sana kuhusu shamba letu la michikichi kijijini Kigwena. Tulipofika tulikuta mtu mwingine anaishi pale na mkewe, wana nyumba ya matofali na watoto wakubwa. Baba akamwambia, "Hapa ni kwetu." Yule mtu akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika, akageuka akaingia ndani.

Baada ya vikao vya wazee vya miaka mingi shamba liligawanywa katikati. Tangu hapo yeye ni jirani yetu, na tunasali kanisa moja.

Siku ile ndiyo niliyoiandika nilipoanza kutunga hadithi, nikiwa tayari mwalimu. Msimulizi wangu alikuwa msichana wa miaka kumi anayesema "mimi" tangu mstari wa kwanza. Majina yote nilibadilisha. Lakini nilipofika kwenye kile kiganja, niliandika hivi: "Alikuwa anatucheka. Moyoni alijua shamba ni letu, akafurahi kwamba tumechelewa."

Katika kikundi chetu cha waandishi, mama mmoja kutoka Uvira, aliyewahi kufundisha na sasa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, ndiye aliyekuwa akisoma kazi zetu kwanza. Aliipigia mstari ile sentensi kwa kalamu ya risasi.

"Hapa ni nani anaona?" akaniuliza. "Ni huyu mutoto ama ni wewe?"

"Ni mtoto, mama."

"Mutoto anaona mukono. Anaona mabega. Mu kichwa ya ule muzee aliingia saa ngapi?"

Nilimjibu kwamba msomaji hatagundua. Ukweli ni kwamba niliipenda ile sentensi kuliko zote. Nikaiacha.

Jumapili moja baada ya ibada tuliwasomea watu hadithi zetu palepale kanisani. Nilikuwa nimeshasoma ukurasa mzima nilipoinua macho nikamwona jirani amekaa benchi la tatu, kofia magotini. Ningeweza kuiruka ile sentensi. Sikuiruka. Niliisoma kwa sauti ileile, na mtu mmoja nyuma akaguna.

Jirani akasimama.

"Mwalimu," alisema, "majina umebadilisha, lakini huyu ni mimi. Kila mtu hapa anajua ni mimi."

Hakuna aliyekataa.

"Nyumba iko vile umesema. Mukono niliweka hapa mudomoni, ni kweli. Sasa niambie. Ulikuwa wapi mu moyo wangu, hata ukajua nilifurahi?"

Alisubiri jibu, amesimama kwa shida maana goti lake ni baya. Alipoona sina, akavaa kofia yake ndani ya kanisa na kutoka.

Siku ya tatu nilienda kwake. Mkewe alinipa kiti uani bila kuniangalia. Jirani alikuwa anachambua chikichi, hakuacha kazi.

"Amahoro, mzee," nilimsalimu. "Nimekuja kuomba msamaha. Na kama utakubali, uniambie ulihisi nini siku ile, niandike sawasawa."

Aliinua kichwa. "Hapana. Hiyo ni yangu. Andika vile uliona, ukomee hapo."

"Nilikuchukia, mzee. Hilo ninalijua."

"Basi hilo andika. Hilo ni lako."

Nilirudi nyumbani nikapitia hadithi mstari kwa mstari, nikijiuliza swali la yule mama wa ndagala. Nilishtuka. Nilikuwa nimeingia bila hodi hata kichwani mwa mke wa jirani, hata mwa wazee waliogawa shamba. Nilifuta kote. Kikabaki kiganja, yakabaki mabega, na msichana aliyesimama juani akimchukia mtu asiyemjua. Ilikuwa inatisha zaidi kuliko mwanzo, na aliyekuwa anatisha sasa ni yule msichana.

Aliyekasirika safari hii ni baba. Nilimsomea, akanikatiza.

"Umetoa kucheka kwake? Kwa nini? Wanakuogopesha?"

"Sikuona akicheka, baba. Niliona mkono."

"Mimi niliona!"

"Basi nisimulie wewe, niandike kwa macho yako. Uso wake ulikuwaje?"

Nilikaa na kalamu, na mimi mwenyewe nikaogopa atakachosema, maana maneno "alitucheka" nilikuwa nimeyasikia mezani kwetu tangu utotoni, kwake.

"Sikumwangalia uso," alisema mwishowe. "Nilikuwa naangalia michikichi. Nilikuwa natafuta ile aliyoipanda baba yangu."

"Uliiona?"

"Walikuwa wameikata."

Hakulia wala hakuniomba niiandike. Aliniuliza tu kama jirani amesikia hadithi ilivyo sasa. Nikamwambia bado. Kesho yake asubuhi nilimpelekea jirani nakala. Aliipokea mlangoni, akanishukuru kwa neno moja, "murakoze", akafunga mlango. Hajaniambia neno juu yake mpaka leo. Ila kanisani amerudi kukaa benchi lake la tatu, na baba, ambaye alikuwa hamsalimii, sasa humpa mkono, kwa haraka, bila kumwangalia usoni.