Mguu wa Kulia Mpaka Tarakea

Kilichonitoa nyumbani kwangu Soweto, Moshi, asubuhi ile ya Jumamosi ni simu ya kaka yangu Proti kutoka Mkuu. Alisema mama ameshuka njiani tena, amemkataa bodaboda mwingine. Mara ya kwanza tulicheka. Safari hii hatukucheka, maana dada yake, mama mkubwa Ludovika, alikuwa kitandani kule juu ya Tarakea na hali yake ilikuwa ikizorota kila juma. Kila aliyekwenda kumwona alirudi na salamu ileile: Klara aje nimwone. Klara ndiye mama yangu.

Basi linamfikisha Tarakea mjini bila shida. Kutoka hapo ni mlima, njia nyembamba katikati ya migomba, gari haliingii, na magoti ya mama yalikwisha kukataa kupanda. Kilichobaki ni pikipiki. Mara mbili Proti alimtafutia kijana mstaarabu, na mara mbili pikipiki iliposimama kidogo tu mama akashuka, akaomba arudishwe nyumbani.

"Anaogopa," Proti aliniambia. "Ni uzee huo."

Sikukubali. Mama huyu alizunguka Rombo nzima nyuma ya pikipiki ya baba, enzi ambazo barabara ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Kisha mimi mwenyewe ni afisa ugani, pikipiki ndiyo ofisi yangu. Nikajisemea kwamba kama ni woga, akipanda na binti yake utamtoka. Nikafunga helmeti ya pili nyuma ya kiti, nikaondoka.

Himo nilisimama kununua ndizi mbivu, na hapo, nikingoja chenji, nikaanza kutazama miguu. Nilipojifunza kuendesha, mwalimu wetu alituimbia wimbo mmoja kutwa nzima: ukisimama, mguu wa kushoto chini, wa kulia ubaki kwenye breki. Karibu wote pale Himo walifanya hivyo, pamoja na ambao naamini hawajawahi kukaa darasani. Wachache walishusha yote miwili tangu mbali, wakiburuza soli kama mtu anayetafuta ndala gizani. Aliyeshusha wa kulia peke yake sikumwona hata mmoja.

Ndipo nikamkumbuka baba, na nikamkumbuka kwa nguvu hata muuza ndizi akaniita mara ya pili kunipa chenji yangu. Baba alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa. Alikuwa na pikipiki nyekundu, na aliposimama alishusha mguu wa kulia, daima. Sisi watoto tulimtambua kwa huo mguu kabla hatujamwona sura. Buti lake la kulia lilikwisha soli wakati la kushoto bado linang'aa, na fundi viatu wa Mkuu alizoea kumtania kwamba aoe mke wa pili kwa ajili ya buti la kushoto, maana lilikuwa halina kazi. Tuliamini ni mazoea yake tu. Watu wazima wana mazoea yao, na mtoto hayaulizi.

Kuanzia Marangu Mtoni barabara inageukia Rombo, nami nikapunguza mwendo. Mwika soko lilikuwa limeanza, akina mama wakishusha mikungu. Baada ya hapo ni vihamba, mashamba ya nyumbani, ya watu ninaowajua kwa majina ya mashine zao za kahawa: kwa fulani ile yenye gurudumu zito, kwa fulani ile iliyokuwa ikikwama kila msimu. Nyingi zimelala sasa chini ya migomba, zina kutu, na palipokuwa na mibuni wengine wamepanda parachichi. Kazi yangu ni kuwashauri wapande hayo maparachichi, na nawashauri kwa moyo mmoja. Hata hivyo moyo uliniuma kidogo.

Nilifika Mkuu mchana. Mama alikuwa jikoni, akaitikia shikamoo yangu bila kuinuka, akanipakulia mtori wa ndizi kabla hajaniuliza habari za safari. Ndivyo alivyo. Nilipomweleza nilichokuja kufanya alitazama helmeti, akacheka kidogo, akasema haya, tujaribu mpaka kwenye kona.

Akapanda kama alivyopanda siku zote, upande, miguu yote miwili kushoto, kitenge kimebanwa vizuri. Nikamkumbusha kwamba siku hizi watu hupanda kwa kutanua miguu. Akanijibu kwamba nyonga yake haijasikia habari hizo. Tulikwenda taratibu sana, mikono yake kiunoni kwangu. Kwenye kona nikasimama kwa ustadi wangu wote, mguu wa kushoto chini, wa kulia kwenye breki. Mama akashuka palepale.

"Na wewe unanimwaga," alisema.

Tulirudi kwa miguu, mimi nikisukuma pikipiki, na njiani akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza. Ukishusha mguu wa kushoto pikipiki inalala kushoto. Kwa aliyetanua miguu si kitu. Kwa aliyekaa upande, miguu yake inaning'inia hukohuko, anajiona anamiminwa kama maharage kutoka kwenye ungo. Alipokuwa binti angeruka na kucheka. Sasa ana magoti ambayo hayawezi kumpokea.

"Baba yako alikuwa anailaza upande wa mgongo wangu," alisema. "Nakaa kama mtu aliyeegemea ukuta. Nashuka nikitaka."

Yule mwalimu wetu hakukosea, breki ni breki. Ila hakutufundisha na mama amekaa nyuma.

Jioni ile nilijifunza kusimama upya, mtu mzima, uani kwetu, kati ya mibuni na ua wa mimea ya masale. Mguu wa kulia ukiacha breki, kazi yote inahamia mkononi, na mwili wangu ulikwisha kuzoea vingine. Mara ya kwanza nilishusha yote miwili. Mara ya pili niliegemea kulia kabla pikipiki haijasimama, nikalala nayo ndani ya masale, majirani wakachungulia. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake. Hajawahi kushika usukani wa chombo chochote, lakini alikuwa ameutazama mgongo mmoja kwa miaka mingi.

"Kiuno kitangulie," alisema. "Baba yako alikuwa anatuma kiuno kwanza, mguu unafuata."

Nikatuma kiuno. Ikakubali. Nilirudia mpaka Proti akatoka kuniomba nizime, watoto wake walale. Maji nilikwisha kuyavulia nguo, sikuwa na budi kuyaoga.

Jumapili baada ya misa ya kwanza tuliondoka. Mama alivaa kitambaa kichwani na helmeti juu yake, begi dogo la nguo mapajani, na sala aliyoisali kimya ilikuwa ndefu kuliko ya kawaida. Lami ya Usseri ilitubeba vizuri. Niliposimama kuruhusu ng'ombe wavuke, nikatuma kiuno, mguu wa kulia ukagusa chini, nikangoja kusikia anashuka. Hakushuka. Alinigusa begani, akanionyesha nyumba moja chini ya barabara ambako baba aliwahi kupewa jogoo kwa kazi ya mashine, na jogoo huyo akawatoroka njiani, wakamfukuza wote wawili shambani kwa watu. Alikuwa akicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike baba.

Tarakea tulipita sokoni bila kusimama, tukakata kushoto kupanda. Hapo ndipo nilipoogopa mimi. Njia ilikuwa na mawe, imechimbwa na mvua, na katikati ya mwinuko mkali tukakutana na wanawake watatu wanashuka na mizigo ya majani ya ng'ombe vichwani. Walishindwa kutupisha, ikabidi nisimame. Kila nilichofundishwa kikaniambia kushoto. Nikishusha kushoto, breki ipo, na mama atashuka, na kwa magoti yale hapandi tena mpaka kwa dada yake. Nikatuma kiuno kulia. Nikabana breki ya mkono wa kulia, kushoto nikaachia klachi nusu, injini ikitushikilia pale mlimani huku ikinguruma na kunuka.

Na harufu hiyo ndiyo iliyonifungua macho, maana ndiyo iliyokuwa harufu ya baba akirudi jioni. Klachi zake hazikudumu. Kila msimu alibadilisha, majirani wakasema hajui kuendesha, naye akajibu kwamba milima ya Rombo inakula klachi. Hakuna mlima uliokula kitu. Alikuwa akizichoma yeye mwenyewe, makusudi, mlima mmoja baada ya mwingine, ili mkewe asimwagike. Machozi yalinitoka ndani ya helmeti na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Wale wanawake wakamsalimia mama kwa Kichagga bila haraka yoyote, wakauliza habari za nyumba nzima, naye akajibu zote kwa utulivu kama yuko kibarazani. Hatimaye wakapita.

"Nenda," mama alisema.

Mama mkubwa Ludovika alikuwa amelazwa chumba cha mbele, dirisha likitazama njia. Nilisimama mlangoni kwake, mguu wa kulia chini. Mama hakushuka upesi, alikaa kidogo akipanga kitenge chake, mkono wake bado uko kiunoni kwangu, nami sikumhimiza. Kisha akateremsha mguu mmoja, halafu wa pili, akaingia ndani akitembea mwenyewe. Nilisikia sauti ya mama mkubwa, nyembamba lakini ya mzaha uleule wa zamani, ikimwuliza kama ameletwa na mumewe.

"Na binti yake," mama akajibu.

Walishikana mikono wakaanza kuzungumza Kichagga chao cha utotoni, cha haraka, ambacho mimi nakifuata nusu tu. Nikawaachia. Mama alisema atakaa mpaka dada yake amchoke, na kwamba nisimtume mtu mwingine kumchukua.

Nilirudi Moshi peke yangu mchana uleule. Njia ilikuwa nyepesi. Mkuu nilimpungia Proti bila kusimama, Mwika soko lilikuwa limevunjika, Himo palikuwa na foleni, na jua lilikuwa linainama nilipoingia Soweto. Nilikwenda nikiwaza upya yale niliyoyachukulia kuwa mazoea: baba yangu hakuwa mtu wa maneno ya mapenzi, sikuwahi kumsikia akimwambia mama hata moja. Nilidhani hayakuwapo.

Kwenye geti langu nikasimama. Mguu wa kulia ulishuka wenyewe. Nyuma hapakuwa na mtu, lakini sikuzima injini. Nilingoja kwanza, kadiri mtu anavyohitaji ili ashuke bila haraka.