Sista wa Chupa

Kila asubuhi sista wa wodi ya mifupa, hapa Kitale, alipiga magoti sakafuni kando ya kitanda cha mzee mmoja, kwa sababu chupa iliyopokea damu ya kidonda kupitia mpira haifai kuinuliwa. Alibandika kipande cha plasta pale damu ilipofika, akaandika saa kwa kalamu, kisha akaligusa paja la mzee kwa mgongo wa mkono, vile mtu hupima joto la mtoto. Akiinuka, magoti yalialika. Jepkorir, aliyemuuguza mzee huyo, babake, tangu apasuliwe nyonga, alimuuliza, "Sista, hii damu si itaisha?" "Hiyo ni chafu, mama. Wacha itoke," akajibu kwa ile sauti yake ya Bungoma, macho yakiwa kwenye chupa.

Jioni Jepkorir alishindwa kuvumilia. Akaubana mpira kwa kibanio cha nguo, akaufunika kwa blanketi. Asubuhi damu ilikuwa haijapanda hata kidogo juu ya plasta ya jana. Sista aliingiza mkono chini ya blanketi, akaligusa paja lililovimba likawa gumu kama ubao, akaufungua mpira. Kibanio akakitia mfukoni. Daktari alipouliza, alisema tu, "Mpira uliziba." Siku ya nne mzee akafa. Sista akamkabidhi Jepkorir mfuko wa nguo za babake, akaenda kupiga magoti kitanda cha pili. Nyumbani Kibomet, Jepkorir alipoufungua, alikuta nguo zimekunjwa vizuri, na juu yake kibanio kimeoshwa, kimezungushiwa plasta. Kwenye plasta, kwa mwandiko ule ule, iliandikwa saa ambayo babake alikata roho.