Piko Mikononi mwa Watoto Wanane

Nakumbuka siku moja nilipowapaka piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mikononi, watoto wanane wa kike kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na harusi wala sikukuu ya kwendea. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilijiona mjanja kupita kiasi.

Mwanangu, kaa hapo kwenye mkeka nikueleze. Jana uliponisomea barua yako ya kazi nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele, majirani wakadhani kuna mtu kajifungua. Lakini ulipofika pale pasemapo kwamba utakuwa mkaguzi, utatumwa nchi za mbali kuangalia viwanda vinavyoiuzia kampuni yenu na kuhakikisha havitumii watoto, moyo ulinipasuka. Mimi niliwahi kumdanganya mkaguzi kama wewe. Na mmoja wa wale watoto wanane alikuwa mama yako, Kadzo, mwenye miaka kumi. Leo asubuhi nimemwomba ruhusa, naye akasema nikueleze yote, nisijipendelee.

Wakati ule palikuwa na banda la korosho nje kidogo ya Gede. Mimi nilitoka Mambrui, kidato cha nne nimemaliza, Kiingereza nakijua, basi tajiri wetu akaniajiri niandike majina ya wafanyakazi na niwe mkalimani wageni wakija. Korosho zetu karibu zote zilinunuliwa na kampuni moja ya ng'ambo. Wanawake wa vijiji vya nyuma ndio waliobangua, na walilipwa kwa uzito wa punje zilizotoka nzima, si kwa siku. Mwanamke akikaa na watoto wawili kando yake, anapata cha kupika. Akikaa peke yake, anarudi nyumbani anaona haya. Kwa hivyo walikuja nao. Daftari langu halikuwa na jina la mtoto hata mmoja, na watoto walikuwa mbele ya macho yangu kutwa.

Wewe korosho unaijua ya kutafuna tu. Ganda lake lina mafuta makali, yakigusa ngozi huibabua, ikawa nyeusi, kisha ikachunika. Wakubwa walijipaka majivu mikononi. Watoto nao walijipaka, lakini mtoto hana subira, anajifuta jasho, anajikuna, majivu yanatoka. Mama yako alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote, na ndiye aliyebabuka kuliko wote.

Basi ile kampuni ilikuwa imeinunulia shule ya pale madawati, na ikaleta habari kwamba mgeni wao anakuja kukagua banda, kisha ayaone na madawati. Tajiri akatoa amri kwamba siku hiyo watoto wote wavae sare, wakakae darasani.

"Na mikono yao?" nikamuuliza.

"Wewe si fundi wa hina? Fanya maarifa."

Nikafanya. Hina ya kawaida ni nyekundu, isingeficha kitu, nikachukua piko nyeusi. Niliwajaza maua migongo ya mikono na vidole, doa la korosho likawa halijulikani na jani la ua. Piko ikigusa ngozi iliyochubuka inawaka kama pilipili. Mama yako alilia. Nilimwambia anyamaze, atapendeza. Nina umri huu, nimezaa na nimezika, na neno lile bado linaniuma.

Sasa nikwambie habari za Bi Zena, kwa sababu hadithi hii ni yake, mimi ni mpita njia tu. Alikuwa mjane wa kwetu Mambrui, mfupi, sauti ndogo, buibui lake limepauka lakini kanga yake ya ndani daima mpya. Pale bandani alikaa kwenye meza ya kuchagua punje. Nyumbani alikuwa kungwi, na hakuna bibi harusi aliyetoka Mambrui asiyepita mikononi mwake. Hina alinifundisha yeye. Alikuwa na ua lake moja, linaanzia kidole cha kati linapanda mpaka kwenye kifundo, na hilo hakumpaka mtu ila bibi harusi. Watoto wakimwomba siku ya Idi huwaambia, "Hilo lina siku yake, mwanangu, usiwe na pupa." Nikisema namhusudu mpaka leo, usidhani natania.

Na mimi, katika haraka zangu, ua nililowapaka wale watoto lilikuwa lile lile.

Mgeni akaja, mwanamama wa makamo, mpole, kofia pana, daftari mkononi. Bandani aliona wanawake wazima tu, akaridhika. Tukaenda shuleni. Bi Zena alikuwa ameshatangulizwa huko apokee wageni kwa madafu, maana tajiri alijua hakuna aliyemshinda kwa adabu za kupokea watu. Watoto wakasimama, wakaamkia, wakakaa. Mama yako alikuwa dawati la mbele. Alikuwa hajaliona darasa tangu mikanju, yaani mikorosho, ianze kuzaa, na alishika penseli utasema mtu atamnyang'anya. Nilipopita karibu yake aliniuliza polepole, "Dada, na kesho nitakuja?"

Nikajifanya sikusikia.

Mgeni aliyaona maua akafurahi kweli kweli. Akauliza kuna sherehe gani. Tajiri akasema harusi, nami nikafasiri harusi. Mgeni akamshika mama yako mkono kuutazama vizuri, mama yako akashtuka kwa maumivu, mgeni akadhani ni haya za kitoto. Akatoa kamera.

Hapo ndipo Bi Zena alipoweka sinia ya madafu chini.

"Ni harusi ya nani hiyo, nisiyoalikwa mie?"

Akaja mpaka kwenye dawati, akautazama mkono wa mama yako, akanitazama mimi. Sikuweza kumkabili. Akamwambia mgeni, kwa Kiswahili chake kile cha Mambrui, "Mama, mtoto huyu hana harusi. Wabangua korosho zenu hawa, na hiyo piko yafunika walipobabuka."

Kisha akanigeukia. "Mwambie."

Mwanangu, hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilimgeukia mgeni nikamwambia, kwa Kiingereza safi, kwamba bi mkubwa anasema karibu sana, watoto wanashukuru kwa madawati. Mgeni akatabasamu, akaweka mkono kifuani.

Bi Zena hakujua Kiingereza hata neno, lakini uso wa mtu aliusoma. Hakupaza sauti. "Nilichosema hakichekeshi," akaniambia. "Mwambie tena, nawe usipunguze." Akauchukua mkono wa mama yako akaugeuza, kiganja juu. Sikuwa nimepaka viganja. Kidole gumba kilikuwa kimechunika, ngozi inang'aa, nyekundu. Akabaki ameushika vile, ananingoja mimi.

Nikamwambia mgeni. Yote, na la piko kwamba nimepaka mimi. Tajiri alikuwa akinikanyaga mguu huku ananitazama kwa tabasamu.

Mgeni alibadilika rangi. Akafunga daftari, akasema kampuni yake haitanunua tena hapa, kuanzia siku hiyo hiyo, na akaanza kuondoka. Nilipomfasiria Bi Zena, nilidhani atashukuru. Badala yake alikwenda akasimama mlangoni, ule ufupi wake wote.

"Mwambie asikimbie. Akiondoka, wiki ijayo korosho hizi zitapata mnunuzi asiyeuliza, na huyu atarudi kubangua. Yeye aliyekuja kuuliza ndiye akae. Awalipe mama zao kazi yao, wasihitaji vidole vya wana wao. Asipokubali, basi alijia picha."

Nikafasiri, na safari hii sikupunguza. Mgeni aligeuka, akaomba kiti, akaketi, akafungua daftari lake upya, akaanza kuuliza watoto majina. Wa kwanza alikuwa Kadzo.

Usidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Bi Zena alifukuzwa kazi kabla ya jua kutua. Korosho zilikaa bila kununuliwa wiki nyingi, na wako wanawake waliomtukana njiani kwamba kawafungia riziki. Alikuwa akiwajibu salamu tu. Nilikwenda kwake Mambrui kuomba radhi nikamkuta anasuka ukili wa mikeka, maisha yamembana. Nikamwambia kwamba yeye ni jasiri. Alinikemea. "Jasiri gani? Nimekaa meza ile miaka, nawaona kila siku, nimenyamaza. Mpaka nilipoona ua langu. Ua, weye! Si mikono ya wana, ua! Nenda, usinisifu." Lakini nitamsifu, mwanangu, kama nitakavyo, maana wengi huona kosa lao wakiwa wamechelewa, wakalifunika. Yeye alilisema mbele ya watu na akalilipia kwa mkate wake.

Kampuni ilirudi. Malipo ya akina mama yalipandishwa, wakaletewa glavu, na kila mtoto akaandikwa shuleni. Wawili kati ya wale wanane hawakurudi darasani, walikwishapelekwa kufanya kazi katika nyumba za watu, na sikujua walikoishia. Mama yako alirudi, akasoma mpaka akawa mwalimu wa wengine. Alipoolewa, Bi Zena alikuwa mkongwe, mkono unatetemeka, akaniambia nimpake mimi, lile ua lenye siku yake. Nililipaka taratibu, nikamaliza na vidole, na hina ilishika pote isipokuwa kwenye kidole gumba.

Wewe humcheka mama yako kwamba simu haimtambui kidole, kila mara lazima aandike nambari ya siri. Sasa umejua kwa nini.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Ukifika huko utakakotumwa, usiridhike na daftari la majina, mtu kama mimi ndiye huliandika. Ukionyeshwa mkono mzuri, ugeuze. Mkalimani wako mwangalie usoni, na mama anayegawa vinywaji mpe kiti umsikilize. Na ukigundua ubaya, usijione msafi kwa kuondoka. Kampuni ikikimbia inaokoa jina lake tu, mtoto anabaki na korosho zake. Waambie mabwana zako wazi kwamba bei ndogo wanayoitaka ndiyo inayomtoa mtoto darasani. Watakuchukia kidogo. Bi Zena walimchukia, na leo kuna watu wanamwombea dua kila Ijumaa, mimi wa kwanza.

Kabla hujasafiri, mshike mama yako mkono. Usiseme kitu, ushike tu. Mwenyezi Mungu akutangulie uendako, akupe jicho la kuona na ulimi usiopunguza, akurudishe kwetu salama. Na kila mtoto utakayemkuta darasani huko, Mungu amjaalie kesho yake aje tena.