Kanda ya Dakika Thelathini

Jamani, kuna aibu nikiikumbuka mpaka leo najifunika uso kwa kofia, na hii mnayonichokoza niisimulie ndiyo yenyewe, ya siku nilipopima kanda ya kaseti mbele ya kijiji kizima.

Ilikuwa enzi za ujamaa, kijijini kwetu upande wa Serengeti, na mimi ndiye niliyekuwa mgonga kengele wa shamba la kijiji (kengele yenyewe ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini), saa moja asubuhi watu wanaingia, saa sita wanatoka, na kazi hiyo nilipewa kwa sababu nilikuwa na saa ya mkononi, ambayo ilizoea kusimama usiku, na kila asubuhi kabla tu ya kugonga niliitia ufunguo na kuiweka sawa na redio. Basi shemeji yangu Chacha, kaka yake mke wangu Bhoke, akatumwa Tarime kutuletea redio kaseti na kanda ya kurekodia kwaya yetu, na juu ya kanda pameandikwa dakika thelathini kila upande. Mimi na udadisi wangu nikajiuliza, thelathini kweli? Nani amehesabu? Nikaicheza nyumbani peke yangu huku nimeikodolea macho saa, nikapata thelathini na sita, nikarudia, thelathini na sita tena. Nikajua nimegundua jambo: mashine inazunguka polepole, shemeji kauziwa kitu kibovu.

Ningemwita Chacha pembeni yangeisha. Lakini wapi, nikasubiri mkutano wa kijiji, tena siku ambayo bwana maendeleo kutoka wilayani alikuwapo, nikasimama nikasema tumeletewa mashine mbovu. Mwenyekiti akamwambia Chacha kwamba ikiwa ni kweli, hatatumwa tena kununua chochote cha kijiji. Chacha akajitetea kuwa mbona kwaya inasikika vizuri tu, ila uso ulikuwa umemshuka, nami (Mungu anisamehe) nikamjibu, "Masikio si kipimo, shemeji."

Kanda ikachezwa mbele ya wote. Kilichonishangaza ni Bhoke kunivuta shati akininong'oneza nikae chini, na wazee wa mbele kuanza kukohoa hovyo. Kanda ikafika mwisho, nikatangaza kwa sauti: thelathini na sita.

Bwana maendeleo akatazama saa yake. "Yangu inasema thelathini." Akaushika mkono wangu, akaziweka saa mbili pamoja, tukatazama mshale wangu wa sekunde unavyokimbia. "Na hii ndiyo inayogongea kengele ya shamba?"

Akapiga hesabu mwenyewe: kila saa yangu moja ni dakika hamsini tu, kazi ni saa tano, basi miezi yote ile tulikuwa tunatoka shambani dakika hamsini kabla ya saa sita.

Nyumbani nikamuuliza Bhoke kwa nini watu hawakuniambia kwamba saa yangu inakimbia. Hata hakunitazama.

"Jua tunaliona sote, Baba Mwita. Wewe tu ndiye uliyekuwa unatazama mkono."

Tangu hapo sipimi kitu cha mtu kabla ya kupima changu. Kengele akapewa Chacha, pamoja na saa ya mezani iliyoletwa kutoka wilayani, na siku ya kwanza, jembe limenichubua viganja na watu wote wameninunia, nikamwambia mbona jua limeshafika utosini.

"Jua si kipimo, shemeji," akasema. "Lima."