Fimbo za Kinu

Enzi za ruksa, kila mtu alipokuwa na kitu cha kuuza, mkuu wa kituo kimoja cha wanamaji huko Kibiti alirudi kutoka kozi ya ng'ambo na wazo jipya: maofisa wanafunzi wafundishwe nishati ya nyuklia. Boti yao ya pekee ilikuwa imelala kwenye tope la delta kwa kukosa dizeli! Mimi, mwalimu wa fizikia wa sekondari, nikaazimwa. Kinu cha nyuklia sikuwahi kukiona hata kwenye picha ya rangi.

Wanafunzi niliwadharau tangu siku ya kwanza. Wengi walikuwa watoto wa wakubwa wa Dar, na miwani ya jua darasani. Ukiandika, wanaandika. Ungekohoa, wangeandika kikohozi.

Siku moja nikaandika ubaoni: fimbo za kudhibiti humeza nyutroni, chembe zinazochochea moto wa kinu; zikitolewa, kinu hupoa. Wote wakanakili. Mmoja tu akanyoosha mkono, mtoto wa wakulima wa mpunga wa deltani, ambaye wenzake walimcheka kwa lafudhi yake ya Kindengereko.

"Samahani, Mwalimu. Kama fimbo ndizo zinazomeza nyutroni, zikitolewa si moto utazidi?"

"Nyuklia umeisomea wapi wewe? Shambani kwa mama yako?"

Darasa likaangua kicheko. Akakaa.

Jioni nikafungua kitabu. Alikuwa sahihi. Niliona aibu, kisha hasira, na hasira yote nikamtupia yeye. Kesho yake sikusahihisha kitu. Mwalimu mzima nikosolewe na mtoto wa mpunga?

Kwenye mtihani swali lile lilikuwamo, na aliyefeli alirudishwa kwao. Wengine wote waliandika kwamba kinu hupoa. Niliwapa alama zao, kasuku wale. Yeye aliandika kwamba moto huzidi, akaeleza sababu kwa mistari sita safi. Swali hilo moja lingemvusha. Nikampa sifuri. Mkuu akasaini orodha bila kuisoma, simu sikioni, akipatana bei ya kamba wa baharini.

Miaka ikapita. Siku moja basi letu lilisimama Ikwiriri, nikashuka kunyoosha miguu karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Mwenye mashine akanijia, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," niliitika kabla sijamtambua.

Akawageukia kina mama waliokuwa wakisubiri mchele wao. "Huyu ndiye aliyenifundisha nishati," akawaambia, na kwa fahari kabisa. Kisha akashusha sauti. "Mwalimu, kile kinu kinanisumbua mpaka leo. Nimefikiri weee, sijaona kinapoaje fimbo zikitolewa. Hebu nieleweshe."

Nikamwambia basi langu linaondoka. Dereva alikuwa bado hotelini, anakula wali, na sote wawili tulikuwa tunamwona.