Siku Koko Alipopika Samaki

Harufu ya nyanya zinazokaangwa na kitunguu mpaka zikauke maji hunikuta kwenye ngazi, kabla sijafika mlangoni kwangu. Hapa Mbarara ninapopanga chumba, jirani wa chini hupika samaki kila Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku ambayo miguu yangu huwa imekwisha kabisa, maana wiki nzima nimekanyaga cherehani nikishona sare za watoto wa watu. Mara nyingi naketi palepale kwenye ngazi, mkoba mapajani, nasubiri mpaka nisikie maji yakimwagwa juu ya zile nyanya, shwaa, ndipo nainuka. Wanaopita hudhani naumwa. Siumwi, nimechoka tu. Na uchovu ukichanganyika na harufu ile unanirudisha Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye nyumba ambayo watu wake walichoka kuliko ninavyochoka mimi leo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo, juu turubai. Ndani tulilala watu wanne: mama, mimi niliyekuwa na miaka tisa hivi, mdogo wangu Bahati aliyekuwa bado ananyonya, na Koko. Koko ndivyo sisi tuliotoka Kongo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba. Baba alikuwa mbali, mji wa Bwizibwera, kwenye kituo ambako wafugaji wa huko walileta maziwa asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuosha madebe. Mtu aliyezaliwa zizini akakulia zizini, sasa anaosha vyombo vya maziwa ya ng'ombe wa wengine. Alikuja nyumbani mwezi ukiisha, akinuka maziwa yaliyochacha mpaka kwenye kola ya shati.

Koko alitoka milimani, juu ya Uvira, kwenye ukoo wa wafugaji. Alipokimbia vita aliwaacha ng'ombe wake kwa jirani, na hata siku moja hakusema kwamba wamepotea. Walikuwa wameachwa, basi. Kila jioni baada ya sala aliwataja kwa majina, Bihogo, Gaju, Sine, akieleza yupi hupenda kupiga teke na yupi hukubali kukamuliwa na mtoto. Halafu alianza kuhesabu ndama ambao lazima walikwisha kuzaliwa tangu tuondoke, na hao nao akawapa majina. Kundi la Koko lilikuwa linakua huku sisi tunapungua. Mimi nilisinzia kabla hajafika katikati.

Sasa, watu wa ukoo wa Koko hawakula samaki. Hawakumchukia samaki, walimwogopa kwa ajili ya ng'ombe. Waliamini kwamba mtu aliyekula samaki akigusa maziwa, kiwele cha ng'ombe hupasuka na maziwa yake hukauka. Sufuria iliyopikiwa samaki haikuingia nyumbani mwao, na mpishi wake hakukaribia chombo cha maziwa. Koko aliushika mwiko huo kambini, mahali ambapo maziwa tuliyaona kwenye kikombe cha plastiki, tena siku ya bahati.

Mama naye alizaliwa chini, ziwani, kwa watu waliokuza watoto kwa ndagala na mgebuka. Alipoolewa na mtu wa milimani aliacha samaki. Hakuna aliyemlazimisha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alikuwa akisema, na akayaoga miaka yote. Lakini Nakivale nako kuna ziwa, ndugu zangu. Wanawake walipita mbele ya mlango wetu wakiwa na ngege waliotungwa kwenye kamba, bado wanang'aa, na mama aligeuza uso kama mtu aliyekutana njiani na mchumba wake wa zamani.

Basi ukaja mwaka ambao mvua ilikosa na mgao wa chakula ukapunguzwa. Mama alienda kulima mashamba ya wenyeji huko Rugaaga, Bahati mgongoni, akatoka kabla jogoo hajawika. Alirudi na ndizi, magoti yamejaa vumbi, akapika maharagwe, akakoga, akalala. Kesho yake vilevile. Na maziwa yake yakaanza kupungua, mpaka Bahati akawa ananyonya na kuachia, ananyonya na kuachia, akimtazama mama usoni kama anayetaka kuuliza jambo. Mwanzoni alilia kwa kelele iliyowaudhi majirani. Baadaye akalia polepole, na hapo ndipo majirani walipoanza kuja kututazama. Muuguzi wa zahanati alimpima, akampima tena.

Jirani yetu Mama Sifa, mtu wa ziwani kama mama, alikuja jioni moja akasimama uani na mikono kiunoni.

"Mama Riziki, hiyo maziwa itarudi na nini? Na maharagi? Kwetu muzazi anakunywa supu ya samaki, nyanya mingi, mawese kidogo. Maziwa inashuka yenyewe. Wee mwenyewe unajua."

"Minajua," mama alisema. "Lakini mama mukwe iko mu nyumba. Siwezi ingiza samaki fasi yake."

"Mwenye njaa hana miiko."

"Njaa ni yangu mimi na mutoto. Mwiko ni yake."

Yote hayo Koko aliyasikia, kwa sababu ukuta wetu haukuwahi kuzuia neno. Alikuwa amekaa ndani kwenye mkeka, mkono mmoja umeshika mguu wa Bahati. Hebu fikirini hali yake. Mama Sifa anasema samaki huleta maziwa, na yeye tangu tumboni mwa mama yake anajua kwamba samaki huyaua. Kama angekubali na maziwa yakauka kabisa, angekuwa amemmaliza mjukuu wake kwa kinywa chake mwenyewe. Kama angekataa na mtoto akaisha hivihivi, ni yaleyale. Jioni ile hakutaja ng'ombe hata mmoja. Nilifurahi, nikadhani amechoka.

Kesho yake mama alirudi kutoka Rugaaga, akaketi mlangoni kumfungua Bahati mgongoni, na usingizi ukamchukua pale pale, kichwa kwenye mwimo wa mlango, jembe bado begani. Nilimtikisa, akasema "ndiyo, ndiyo," lakini hakuamka. Koko alimtoa mtoto, akaliondoa jembe taratibu, akamlaza mama kwenye mkeka kama wanavyolazwa watoto. Kisha akaniita.

"Riziki, kimbia kwa Mama Sifa. Mwambie minaomba samaki."

"Samaki, Koko?"

"Masikio yako iko mugonjwa? Samaki."

Mama Sifa alikuja mwenyewe, ngege mkubwa amefunikwa kwa jani la mgomba, mdomo wazi kwa mshangao. Alitaka kuingia jikoni apike. Koko alimzuia kwa kiganja.

"Hapana. Muzazi anapikiwa na mama mukwe yake. Kwetu ni vile, na kwenu pia ni vile."

Mama Sifa alijua kwamba ni kweli. Akaondoka kinyumenyume akitoa maagizo: kaanga nyanya kwanza mpaka mafuta yapande juu, halafu maji, samaki mwisho. "Na usikoroge, Koko! Samaki habakorogake! Unatikisa sufuria tu!"

Koko alijifunga kitambaa puani, akamweka ngege kwenye ubao, wakatazamana. "Ju ya nini ananiangalia hivi?" aliniuliza. Nikafunika jicho la samaki kwa jani. Alikwangua magamba ya upande mmoja kwa kisu, uso umegeukia ukutani, na ilipofika zamu ya upande wa pili hakuweza kumgeuza kwa mkono. Nilimgeuza mimi. Kwa bahati mbaya nilimgeuzia tena upande uleule, na Koko, ambaye hakuwa akitazama, aliukwangua mara ya pili. Upande mwingine uliingia kwenye sufuria na magamba yake yote.

Nyanya zilikuwa zetu, zile ndogo zenye makunyanzi tulizozimwagia maji ya kuoshea vyombo. Koko alizivunja kwa vidole juu ya sufuria. Alimimina mawese ambayo mama aliyatunza kwa ajili ya Noeli, na hakumimina kwa uchoyo. Kitunguu kikalia, nyanya zikalegea, rangi ikawa nyekundu ya kuiva, na ile harufu ikatoka, tamu na chungu kidogo, ikajaza ua wote. Mpaka hapo alikuwa mpishi hodari. Kisha akamtia samaki, akampika kama nyama ya ng'ombe mzee. Aliongeza kuni. Akakoroga. Akafunika, akafunua, akakoroga tena kwa kijiko cha mti kwa nguvu zake zote.

"Koko, Mama Sifa alisema tusikoroge."

"Minapika tangu huyo Mama Sifa hajazaliwa."

Ngege akavunjika, akawa uji. Miiba ikasimama ndani ya mchuzi kama mabua shambani baada ya mavuno.

Nadhani ni harufu iliyomwamsha mama. Alitokea mlangoni ameshika mwimo, macho mekundu, akaona sufuria, akamwona Koko amechutama na kijiko mkononi. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa chakula namna ile.

"Mama, samahani. Haikuwa miye. Miye siwezi leta—"

"Ni miye nimeleta. Kaa, ukule."

Mama hakukaa. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayemkumbusha mzee kitu alichosahau: "Na ngombe, Mama?"

Koko alikoroga mara moja zaidi. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Ngombe gani, mutoto yangu?"

Mimi nilicheka. Nilidhani kweli amesahau, nikataka kumsaidia. "Bihogo, Koko! Na Gaju! Na Sine!" Mama alinirukia, akaniziba mdomo kwa kiganja chake kigumu cha jembe, na tukabaki hivyo mpaka nikaacha kucheka. Hakuna aliyenieleza nilikosea nini.

Mama alikula. Alikula polepole, machozi yanamtiririka, akitoa miiba na magamba na kuyapanga kwenye ukingo wa sahani, na kila baada ya kijiko alisema ni tamu. "Lazima iwe tamu," Koko alijibu. "Nimeikoroga sana." Yeye mwenyewe hakuonja, siku ile wala siku nyingine yoyote ya maisha yake. Alikwenda kunawa mikono kwa majivu, akanawa tena, kisha akaketi na kuitazama kama vitu vya mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata aliketi mlangoni akanyoosha miguu, na mama alipotaka kupita kwenda Rugaaga akakuta hakuna njia. Wiki ile mama hakulima. Mama Sifa alileta samaki wengine, na mama akaonyesha namna wanavyopikwa kwao, Koko akitazama kwa mbali na kudai kwamba wake alikuwa bora. Maziwa yalirudi taratibu, na Bahati akaanza tena kulia kwa kelele, majirani wakaudhika, tukashukuru Mungu. Muuguzi mmoja hapa Mbarara aliniambia kilichomsaidia mama ni maji mengi na kupumzika. Sibishani naye. Bahati leo ni kijana mrefu anayeinama kwenye milango, na samaki hapendi.

Mwezi ulipoisha baba alikuja. Koko hakumpa nafasi hata ya kuweka mfuko chini. Alimwambia, "Jenga nyumba ya tofali." Baba alikuwa amemwomba miaka mingi ruhusa ya kufyatua matofali, na jibu la Koko lilikuwa lilelile, kwamba tofali ni la mtu asiyerudi kwao, turubai linatosha kwa msafiri. Sasa baba alisimama akimtazama, kisha akamtazama mama, akaelewa kuna jambo. Akaenda nyuma ya jiko. Nilimfuata, nikamkuta amechutama, uso ndani ya mikono, mabega yanatikisika. Nilirudi mbio kwa Koko kumwambia kwamba baba analia kwa sababu ya harufu ya samaki.

"Mwache alie," alisema.

Nyumba ya tofali ilinipendeza sana. Niliisifia kwa wenzangu shuleni, nikajivunia dirisha lake, na kwa muda mrefu siku ya samaki ilikuwa kwangu hadithi ya kuchekesha, ya bibi aliyekwangua upande mmoja mara mbili. Nimekuja kuielewa nikiwa mtu mzima mwenye uchovu wake mwenyewe, kwenye ngazi za watu. Mwiko ule uliwalinda ng'ombe. Kwa hiyo kila siku aliyoushika, ng'ombe walikuwa hai, walikuwa wake, na walikuwa wanamsubiri. Mama alilijua hilo ndiyo maana aliogopa. Sisi wengine tulidhani tunamtazama mzee akipika mchuzi vibaya, kumbe Koko alikuwa anaacha kurudi kwao, mbele ya macho yetu, huku akikoroga.