Musawifa wa Kairuani

Mwalimu Lamjed alisimama kizingitini kwa Aljia, akatikisa kichwa, kisha akasema kwa Kiarabu chake cha vitabuni, "Bibie, wewe ni musawifa." Akaenda zake.

Aljia alibaki na donge la sufu mkononi. Miaka arobaini amefuma mazulia pale Kairuani, Tunisia, na neno hilo hakuwahi kulisikia. Sufu, musawifa... Basi lazima ni bingwa wa sufu! Akavuka uchochoro kumwambia Saluha, jirani yake muuza mikate.

"Una hakika ni sifa?" Saluha aliuliza. "Zulia alilokuagiza mwalimu umelikalisha miaka sita, shoga. Mimi ningekuita jina jingine."

Hapo wasiwasi ukamwingia. Baada ya alasiri akajitanda shuka lake jeupe, akaenda kwa mwalimu, mstaafu aliyeishi peke yake na vitabu.

"Mwalimu, lile neno lina maana gani? Linatokana na sufu?"

Mwalimu alicheka hadi chai ikamwagika. "Sufu ni kwa herufi sadi. Hili ni kwa sini. Linatoka kwenye sawfa, ile tunayosemea nitafanya, nitakuja, nitamaliza. Musawifa ni mwanamke anayeishi kwenye 'nita'. Siku hizi utalikuta kwenye mawaidha ya kale tu."

"Kumbe umenitukana!"

"Kwa adabu, bibie."

Aljia hakukasirika. Neno lilikuwa limemshika. "Na aliyemaliza, ila anaogopa kusema amemaliza? Naye anaitwa hivyohivyo?"

Mwalimu akaweka bilauri chini.

Ndipo Aljia alipomweleza. Zulia lile lilikuwa tayari mwaka wa nne sasa. Kila alipomwambia limebaki vidole vinne, alikuwa amelifunika kwa shuka. Mazulia yote ya nyuma alikuwa ameyakata mwenyewe, akiyanyunyizia maji na kuyatamkia shahada kama anavyotamkiwa mtu anayekata roho, maana ndivyo wafumaji walivyofunzwa na mama zao. Lakini la mwisho kabla ya hili alilikata asubuhi, na alasiri ileile mumewe, Hedi, akaanguka sokoni asiinuke tena. Tangu hapo mkasi haukugusa nyuzi.

Mwalimu alifungua kamusi moja, ya pili, ya tatu. "Mtu wa namna hiyo sijamwona humu," akasema taratibu. "Nisamehe. Nilidhani ni uvivu."

"Usihangaike. Nitalikata ke..." Akajiziba mdomo. Wakatazamana, wakacheka. "Twende sasa hivi."

Wakampitia Saluha, naye akalinyunyizia zulia maji. Aljia alitamka shahada, akakata uzi baada ya uzi hadi zulia likamporomokea mapajani, zito kama mtoto aliyelala. Wote watatu wakatega sikio.

"Mwalimu, upo?" Saluha aliuliza.

"Nipo. Moyo ndio sijui."

Aljia alikuwa analia, ila akakataa kushikwa.

Zulia halikuenea chumbani kwa mwalimu, kwani katika miaka ile sita alikuwa ameongeza kabati la vitabu, ikabidi upande mmoja ukunjwe. Aljia alikwenda kuliona, akakaa juu yake, akaomba aandikiwe lile neno.

"Sini ni ipi hapa?"

Mwalimu akamwonyesha. Aljia, ambaye hakujua kusoma, akapitisha kidole juu ya vijino vitatu vya herufi hiyo. "Na sadi, ile ya sufu, je?"